Kibao changu cha kwanza kilijikunja kama kigae

Juzi nimemwambia jamaa mmoja kazini kwamba wikiendi nilikuwa natengeneza kibao, akanitazama weee, akaniuliza umemshirikisha nani. Nikamwambia siyo wimbo bwana, kibao cha kukatia vitunguu. Mwingine akadakia kwamba kibao anachokijua yeye ni kile cha shavuni. Na mama mzazi nilipompigia simu Korogwe alidhani nasema mbuzi, ile ya kukunia nazi, akaniuliza kwani huko Dar nazi hawauzi zilizokunwa. Kiswahili chetu hiki ukisema kibao ukanyamaza kila mtu anasikia cha kwake, kwa hiyo naweka wazi kabla hatujaenda mbali: hapa nazungumzia ubao wa jikoni, wa kukatia nyanya, nyama, hoho na mambo kama hayo.

Chanzo ni kile cha plastiki tulichokuwa nacho. Cheupe, tulinunua tulipohamia Tabata, saivi kimekuwa na mikwaruzo kama barabara ya vumbi baada ya mvua, na kila mkwaruzo una kitu cheusi ndani yake ambacho sabuni haikifikii. Harufu ya kitunguu swaumu haitoki hata ufanyeje. Siku moja wife kakatia nanasi, tukala nanasi la kitunguu swaumu, ndo nikasema hapana, hiki kitu nakitengeneza mwenyewe cha mbao.

Mi siyo fundi. Kazi yangu ni ya kukaa, kompyuta mbele chai pembeni, na kitu cha mwisho nilichotengeneza kwa mikono yangu kikafanya kazi ni gari la waya lenye matairi ya ndala nikiwa darasa la nne. Lakini nikajipa moyo, yaani ni ubao tu, unakata mstatili, unapiga msasa, unapaka mafuta, umemaliza. Jumapili moja inatosha.

Basi nikapata kipande cha mbao ya paini, inchi 1 kwa 10, kwa jirani anayejenga. Nikakikata kwa msumeno wa kuazima, nikapiga msasa kila upande mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto, nikapaka mafuta ya alizeti yale yale ya kupikia maana nilijiambia si tunayala, sasa yatatudhuru nini. Kikang'aa balaa. Nikapiga picha nikaweka status, pongezi zikamiminika, mpaka bosi kaweka kidole gumba. Muda wote kuanzia kukata mpaka status ni kama masaa matatu.

Wiki moja baadaye kibao kimejikunja. Siyo kidogo, kimejikunja upana wake kama kigae cha kuezekea, ukikiweka mezani ukakata kitunguu kinacheza tiki taka tiki taka na kisu kinakufuata kidole. Alafu kina utelezi wa kunata, na harufu ya mafuta yaliyokaa sana, ile harufu ya chapati za juzi zilizosahaulika kwenye hotpoti. Na paini ni laini, kwa hiyo kila kisu kilipopita kiliacha mtaro. Wife hakusema kitu, alikirudisha tu cha plastiki mezani, na ukimya ule uliniuma kuliko angeongea.

Mtaani kwetu kuna mzee seremala, ana banda la mabati karibu na njia ya kwenda stendi, wote tunamwita Babu. Alijifunza kazi Keko, kule kwa mafundi samani wa Dar, enzi hizo, na mpaka leo anatengeneza vitanda kwa mkono, mashine anakwenda kukodi kwa wenzake akiwa na oda kubwa tu. Nikamchukulia mgonjwa wangu kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umeleta kigae?"

Hapo sijafungua mdomo. Akakigeuza, hakuangalia nilipopiga msasa kwa jasho langu lote, akaangalia kichwani, pale mbao ilipokatwa panapoonekana ile mistari ya duara ya umri wa mti. Akaniwekea kidole. Mistari ilikuwa imepinda kama mdomo unaotabasamu. Akaniambia, "Mbao inakunywa, mjukuu wangu. Mti ukikatwa haujaacha kunywa."

Na hii ndo nimeielewa baada ya kukaa naye Jumapili tatu, yaani kila kitu kwenye kutengeneza kibao kinatoka kwenye hiyo sentensi moja. Mbao ikipata maji inavimba, ikikauka inasinyaa, na haivimbi sawasawa: kwa urefu karibu haibadiliki kabisa, upana ndo unahangaika. Mi nilichukua ubao mmoja mpana wa inchi 10, kwanza ulikuwa mbichi, nikauosha kila siku upande wa juu tu, wa chini umelala mezani haupati hata upepo. Upande mmoja unavimba na kusinyaa, mwingine umetulia, sasa uache kupinda una nini? Mbao nyingi za paini tunazouziwa mjini zinatoka mashamba ya kusini huko, Sao Hill kule Mufindi na jirani zake, zinapakiwa malori zinakuja, na nyingine zinafika bado zina maji ya shamba. Babu ana njia yake ya kupima, hana kifaa chochote: anainyanyua asikie uzito, anaigonga na kifundo cha kidole asikie kama inalia au inaguna, alafu anaigusisha shavuni. Mbichi inakuwa na ubaridi. Nilijaribu kwenye rundo lake na nikaanza kuona tofauti kwenye kipande cha tano hivi, kabla ya hapo nilikuwa najifanya tu kutingisha kichwa.

Kitu kingine aliniuliza kwa ukali kidogo: hii mbao umeitoa wapi, isije ikawa ya dawa. Mbao za kupaulia nyingi zinatiwa dawa ya wadudu, utaziona zina rangi ya ukijani ukijani, na ile dawa iliyozoeleka ina shaba, kromu na aseniki ndani yake. Aseniki ni sumu, siyo kitu cha kukatia kachumbari wala kukichoma jikoni. Yangu kwa bahati ilikuwa nyeupe ya kawaida. Na wale wanaopenda mbao za paleti kwa sababu ni za bure, tafuta muhuri ubavuni: ukiona herufi HT maana yake iliuliwa wadudu kwa joto, ukiona MB ilipigwa gesi ya methaili bromaidi, hiyo iache ilipo. Hata ya HT hujui kilichomwagikia humo safarini, mi nisingeifanyia kibao, labda stuli ya nje.

Tukaenda kwenye rundo la vipande vyake, vile vinavyobaki akikata miguu ya vitanda. Hapa kuna siasa kidogo. Vipande hivyo vina mwenyewe, mama ntilie wa jirani anapita kila jioni kuvichukua vya kuwashia jiko, kwa hiyo Babu akaniambia kaongee na mama kwanza. Nikaenda, shikamoo mama, nikajieleza. Akanijibu vya mninga chukua tu baba, mi niachie vya paini, ndo vinashika moto upesi. Kwa hiyo sehemu ngumu ya diplomasia ikaisha kwa sahani ya wali maharage niliyonunua kwa heshima.

Mninga basi. Kama umekulia Tanzania umekalia mninga, umelalia mninga, mlango wa bibi yako pengine ni wa mninga. Ni mti wa misitu ya miombo, unakuja sana kutoka mikoa ya magharibi, Tabora, Katavi huko, ukiukata ukiwa hai unatoa utomvu mwekundu kama damu kabisa. Afrika Kusini wanauita kiaat na wanachonga nao mabakuli na vibao vya kukatia. Sifa yake kubwa iliyofanya mafundi waupende ni kwamba ukishakauka hauhangaiki sana, unavimba na kusinyaa kidogo kuliko miti mingi. Yaani unakunywa kwa adabu. Watu wa Ulaya na Marekani wakielezea vibao vyao utawasikia na miti ya kwao, maple na walnut, sisi hatuna hiyo wala hatuhitaji kulia. Mtiki nao ungefaa, maji hauyaogopi, ila una chembechembe kama za mchanga ndani ya nyuzi zake zinazoua makali ya randa, kile kifaa cha kunyolea mbao, na una mafuta yake ya asili yanayoikataa gundi usipoyafuta kwanza. Kwa mtu anayeanza ni kujitafutia kesi.

Nikachagua vipande vizuri, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa na mstari mweupe pembeni, kahawia na krimu, nikaona hapa ndo urembo wenyewe, kitatoka na mistari kama vile vya mtandaoni. Babu akavikataa vyote. Ule weupe ni nyama ya nje ya mti, akasema, huo ni chakula cha wadudu, acha miezi sita utakuta vitobo na unga chini yake. Kiini tu, kile cha kahawia, ndo kinakaa. Nilibisha kidogo. Akanionyesha kiti kimoja kilicholetwa matengenezo, mguu wenye mstari mweupe umetobolewa kama chujio, ila mpaka wa vitobo unaishia pale pale kahawia inapoanzia, utadhani kuna mtu amechora mstari akawaambia wadudu mwisho hapa. Nikanyamaza.

Tukabaki na fito tano, kila moja upana inchi 2 na unene inchi 1 na robo, urefu kama sentimita 42 hivi. Kwa nini fito tano na siyo ubao mmoja? Kwa sababu fito nyembamba hazina nguvu ya kupinda kama ubao mpana, na unaweza kuzipanga zikazuiana. Babu alizipanga kwa kuangalia vichwani tena, akaniambia huyu akitabasamu, jirani yake anune, anayefuata atabasamu. Kila moja ikitaka kupinda kwake, mwenzake anavutia upande mwingine. Alafu zote nyuzi zake zielekee upande mmoja, maana baadaye utakuja kupiga randa ubao mzima, na kama moja imegeuka randa itaiparura, itang'oa vipande badala ya kunyoa.

Sasa hapa ndo kazi ilipo. Nasema hivi kwa sababu kila mtu anaongelea mafuta na msasa na urembo, lakini kibao ni ubavu. Zile fito tano zina mbavu nane zinazokutana, na kila ubavu lazima ulale na mwenzake kama mikono miwili ya mtu anayesali, bila nafasi. Gundi haijazi shimo, gundi inashika mbao kwa mbao, ukiiachia nafasi inakuwa na unene ule wa gundi tupu na maji yatapita hapo hapo.

Nilipewa randa ya mkono na kinoo. Saa nzima ya kwanza sikugusa mbao, nilinoa kisu cha randa tu, Babu anakuja anakipitisha kwenye vinyweleo vya mkono wake, havikatiki, anarudisha, anaondoka. Mara ya nne vinyweleo vikakatika akaguna, huo ndo ulikuwa ukaguzi. Alafu nikaanza. Mtu asiyejua akipiga randa anabonyeza mikono yote kwa nguvu sawa mwanzo mpaka mwisho, na matokeo yake fito inakuwa na mgongo, katikati juu, mwanzoni na mwishoni chini. Unatakiwa unapoanza uzito uwe mkono wa mbele, unapomaliza uzito uhamie mkono wa nyuma. Ni rahisi kuandika. Mikono yangu ilielewa kama kwenye fito ya tatu, na fito ya kwanza ikawa imeshapungua mpaka tukatafuta nyingine.

Kupima ni kwa mwanga. Unasimamisha fito moja juu ya nyingine, ubavu kwa ubavu, unainua mbele ya macho ukielekea mlangoni kwenye jua. Mwanga ukipenya popote, rudi. Mi nilikuwa naona mwanga mpaka nikawa nauota. Napunguza pembeni, unatokea katikati, napunguza katikati, unatokea pembeni. Na hata mwanga ukiisha kuna ugonjwa wa pili, ubavu unaweza kuwa umenyooka ila umelala upande, hauko mraba, ukizipanga zote tano unapata kitu kama paa la nyumba. Hapo Babu alinipa siri ambayo nadhani ni ya thamani kuliko randa yenyewe: chukua fito mbili zinazopakana, zifunge kama kitabu, sura zikitazamana, zibane pamoja kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, piga randa mbavu zote mbili kwa pamoja. Hata kama umelalia upande, moja itakosea kwenda kulia na mwenzake itakosea kwenda kushoto kwa kiasi kile kile, ukifungua kitabu makosa yanafutana yenyewe. Nilitaka kumkumbatia. Nilimuuliza kwa nini hukuniambia asubuhi, akasema asubuhi ungesikia tu.

Jumapili ya kwanza ikaishia kwenye mbavu sita. Sita tu, masaa mengi, na mafua juu, maana vumbi la mninga linawasha pua na koo kwelikweli, nilipiga chafya mpaka watoto wakawa wanahesabu. Jumapili iliyofuata nilikwenda na barakoa iliyobaki enzi za korona. Usione aibu kuvaa, Babu mwenyewe ana kikohozi ambacho naamini ni cha vumbi la miaka yote hiyo japo yeye anasema ni baridi ya usiku.

Gundi. Kuna gundi nyeupe ya mbao ya kawaida, ya kabati inatosha, lakini ikikaa na maji inalainika. Kwa kibao tafuta iliyoandikwa D3 kwenye chupa, hiyo ni daraja la gundi inayovumilia kulowa mara kwa mara. Nilizunguka maduka manne ya vifaa vya ujenzi kuipata, watatu waliniambia zote ni sawa tu kaka, na siyo sawa. Unapaka nyembamba ubavu mzima, unasambaza kwa kidole, unakutanisha, unabana.

Kubana kwa klampu, na klampu ndefu Babu anazo mbili na zote zilikuwa zimeshika mlango wa mtu. Kwa hiyo tukatumia kabari. Chukua ubao mpana wowote wa chini, tandika nailoni juu yake ili gundi isishike, pigilia kipande cha mbao upande mmoja kiwe ukuta, panga fito zako zikiegemea ukuta, upande wa pili pigilia ukuta mwingine ukiacha nafasi kidogo, kisha kwenye ile nafasi ingiza kabari mbili mbili zinazopishana, moja ncha huku moja ncha kule. Ukizigonga na nyundo zinakazana zinasukuma fito zote. Gundi ikaanza kutoka kwenye maungio kama jasho, vitone vidogo vidogo mstari mzima. Ndo dalili nzuri hiyo. Isipotoka jasho hukupaka ya kutosha. Ila nilivyogonga kwa furaha katikati ya ubao ikaanza kunyanyuka kama daraja, Babu akachukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji akaiweka juu yake. Klampu ya kichwani, kasema. Tukaacha mpaka kesho yake.

Kusawazisha na kupiga msasa sina mengi ya kusema maana ni jasho tu. Randa kwa mshazari kwanza, kona mpaka kona, mpaka rula ukiisimamisha juu yake haipitishi mwanga chini yake, alafu kufuata nyuzi. Maranda yote mama ntilie alikuja kubeba, ya kuwashia mkaa. Nikakata urefu kuwa sentimita 40, upana ukabaki kama 24, unene sentimita 2 na nusu. Kona nikazilaza kwa tupa. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, kisha 220, na usiruke namba hata ukichoka, maana mikwaruzo ya 80 haitoki kwa 220, utakesha. Nikatoboa tundu la kuning'inizia kwa keekee. Kuna jambo moja tu hapa ambalo watu wengi wanaliruka: ukimaliza 220, kichukue kibao chako ukipanguse na kitambaa kilicholowa maji, kiache kikauke. Utashangaa, kile kilichokuwa laini kinasimamisha manyoya, kinakuwa kama kidevu cha juzi. Ni zile nyuzi zimekunywa zikaamka. Unazinyoa tena na 220, unarudia mara mbili, baada ya hapo hata ukikiosha hakiamki tena kama mwanzo. Usipofanya hivyo wewe, sinki itakufanyia siku ya kwanza.

Mafuta sasa, na hapa kuna kichekesho. Mafuta ya kupikia kama alizeti hayafai kwa sababu yanachacha, ndo ile harufu ya chapati za juzi. Kinachotumika ni mafuta yasiyochacha, yasiyo na rangi wala harufu, yanaitwa likwidi parafini na yanauzwa duka la dawa, kwa sababu kazi yake ya kawaida ni kulainisha choo. Ndugu zangu wa Kenya tafadhali mnisikilize vizuri, siyo ile parafini ya kwenu ya stovu na taa, hiyo sisi tunaita mafuta ya taa na ukiipaka kwenye kibao cha chakula tutaonana hospitali. Nikaingia duka la dawa, dada wa watu, nikasema naomba likwidi parafini chupa tatu. Akanitazama kwa huruma. "Tatu? Kaka, una siku ngapi hujapata choo?" Nyuma yangu kuna foleni. Nikasema siyo yangu, ni ya kibao. Akasema sawa kaka, usione aibu, wengi wanasema hivyo.

Hayo mafuta unayapasha moto kidogo yawe vuguvugu, unamwaga juu ya kibao, unasambaza kwa mkono, na hasa vichwani, pale mwisho wa fito, ndo panapokunywa kama ngamia. Ile kahawia ya mninga ikalipuka, aisee, mistari ya rangi ya chai na ya asali ambayo sikuiona kabisa wakati wa msasa. Unaacha usiku, asubuhi yamepotea, unaongeza. Nilipaka mara nne, pande zote mbili, na hilo la pande zote mbili nililisikia hata Babu hajasema. Mwisho nikapaka nta. Nta ya nyuki unaipata kwa wauza asali wa Singida au Tabora, uzito sehemu 1 ya nta kwa sehemu 4 za yale mafuta, unayeyusha kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke moja kwa moja jikoni. Ikipoa inakuwa kama vaselini. Unapaka, unasubiri, unafuta kwa kitambaa. Sasa hivi maji yakidondoka juu ya kibao yanakaa kama shanga.

Jirani yetu mmoja ni nesi, alipokiona akasema mbao inaficha vijidudu, plastiki ndo salama. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa hilo swali. Kulikuwa na mtafiti wa Marekani, Dean Cliver, yeye na wenzake walichapisha mwaka 1994 majaribio ya kuweka bakteria juu ya vibao vya mbao na vya plastiki. Kwenye mbao bakteria waliingia ndani ya nyuzi wakashindwa kuongezeka, wakawa wanakufa, wakati plastiki iliyokatwakatwa na visu ilikuwa ngumu kuisafisha kwa mkono. Sasa hiyo siyo ruhusa ya kutoosha, na kuku mbichi mi bado namkatia pengine, siyo anakokatiwa kachumbari. Nesi akasema atafikiria. Bado anafikiria.

Matunzo ni mepesi ukishakumbuka kwamba kitu kinakunywa. Kisilale kwenye beseni la vyombo. Osha kwa sabuni haraka pande zote mbili, kisha kisimamishe kwa ubavu kikauke huku na huku, kisilazwe. Harufu ya kitunguu, sugua kwa chumvi na nusu ndimu. Kikianza kupauka, mafuta tena.

Kimekaa miezi minne sasa na hakijapinda hata kidogo, nakipima kila Jumamosi, wife anasema nakipima kuliko ninavyompima mtoto uzito.

Sasa mama akaja kutoka Korogwe. Nilikuwa nimemsubiri yeye hasa. Siku ya kwanza ameingia jikoni, nikamwekea kibao mezani, kisu kipya pembeni, kitunguu juu yake kama tangazo. Akakisifia, akakipapasa, akauliza ni mninga? Akasema baba yako angefurahi. Kisha akachukua kile kitunguu akakikatia mkononi, juu ya sufuria, tap tap tap, vipande sawa vyote bila kuangalia, huku ananisimulia habari za msiba wa kijijini. Nyanya mkononi. Hoho mkononi. Bamia mkononi. Miaka yote nimemwona hivyo na sijui kwa nini nilidhani kuna siku atahitaji ubao.

Asubuhi yake naamka kibao hakipo. Nikatafuta jikoni kote. Kumbe mama amekiona kina ukubwa mzuri, hakina harufu, kizito, mende hawezi kukinyanyua, akafunikia ndoo ya maji ya kunywa. Usiku kucha. Mvuke wa maji chini, hewa kavu juu, upande mmoja tu unakunywa. Moyo ulinipasuka. Nikakinyanyua nikakipangusa, nikakiweka mezani, nikabonyeza kona moja, nikabonyeza ya pili.

Hakikucheza.

"Unakitafuta nini hicho," mama akauliza kutoka uani, "si ubao tu, baba?" Nikamweleza habari yote, fito tano, wanaotabasamu na wanaonuna, ndoo juu ya gundi. Alisikiliza mpaka mwisho kwa makini kabisa. Akasema basi akirudi Korogwe anataka na yeye kimoja, mfuniko wa mtungi wake umevunjika, ila chake kiwe cha duara.